Makaa ya Kitui, Moshi wa Lamu, Nyuklia ya Uyombo: Nani Alikuuliza?



Leo tunaongea stima. Usipite haraka ukidhani haya ni mambo ya mainjinia wa Nairobi. Wewe unayeishi Mwingi, Kitui mjini, Emali, Makindu, Kibwezi au Mtito Andei, hii inakuhusu mara mbili. Kwanza, deni likija wewe ndiye utakayelipa. Pili, kwenu ndiko yalikotokea mafunzo ambayo wakubwa wa nchi hii wanajifanya hawakuyaona.

Kuna neno limekuwa kama ubani siku hizi, kila mwenye mradi anajifukiza nalo: nishati safi. Ukilisema, unapewa kipaza sauti. Na ndani ya neno hilo sasa imeingizwa nyuklia. Mwaka 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, zaidi ya nchi 20 zilitoa azimio la kuongeza nguvu za nyuklia duniani mara tatu ifikapo 2050. Mwaka uliofuata, kule Baku, Kenya nayo ikajiunga. Sasa jiulize: kabla jina la nchi yako halijaandikwa pale, nani alikuja Mutitu kukuuliza? Chifu gani aliita baraza Wote au Sultan Hamud?

Wacha niweke msimamo wangu mezani mapema ili usihangaike kuutafuta. Sisemi nyuklia ni laana. Nasema kwamba kwa Kenya ya leo, mtambo mkubwa wa nyuklia ni deni linalotafuta sababu, na namna unavyoletwa ni mwendo ule ule uliotumika kwenye makaa ya mawe ya Mui. Hoja zangu ni hizi.

TUANZE NA UKWELI, HATA KAMA HAUTUFURAHISHI

Nitawaudhi baadhi ya wenzetu. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ukisema mtambo wa nyuklia ni bomu linalosubiri kulipuka kama Hiroshima. Si kweli. Uraniamu ya mtambo wa kawaida wa umeme hurutubishwa asilimia 3 hadi 5 tu. Ya bomu hufika karibu asilimia 90. Kinachofanyika ndani ya kinu ni hiki: atomi zinapasuliwa, joto linatoka, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine, stima inapatikana. Ni sufuria kubwa mno yenye moto wa ajabu.

Na ni kweli pia kwamba moshi wake ni mdogo. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti ya 2014, liliweka nyuklia kwenye gramu 12 hivi za hewa ya ukaa kwa kila yuniti ya umeme, ukihesabu tangu ujenzi hadi kuzimwa. Makaa ya mawe ni gramu 820. Kwa hiyo anayesema nyuklia inachafua hewa kama makaa ya mawe anatudanganya, hata kama yuko upande wetu.

Ajali zimetokea. Chernobyl, Aprili 1986. Fukushima, Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami. Maelfu kwa maelfu ya watu walihamishwa makwao na wengine hawakurudi. Hilo ni jambo zito, si la kupuuzwa. Lakini ajali hizo mbili hazitoshi kuwa hoja yote, kwa sababu moshi wa makaa ya mawe umeua wengi zaidi kimyakimya, bila kamera.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mdhulumiwa akisema uongo mmoja, dhalimu hupata sababu ya kuukataa ukweli wake wote. Tukienda mbele ya kamati ya bunge na hadithi za bomu, injinia mmoja mwenye tai atatusambaratisha kwa dakika tano, halafu atatoka nje na kuwaambia waandishi kwamba wanaopinga ni wajinga. Tusimpe zawadi hiyo. Tuna hoja nzito zaidi.

HESABU INAKATAA

Kenya yote, saa ile ya jioni ambapo kila mtu amewasha taa, tivi na pasi, mwaka 2025 ilikuwa inahitaji umeme uliozidi kidogo megawati 2,300. Mtambo uliokuwa ukizungumzwa ni wa megawati 1,000. Yaani kinu kimoja kibebe zaidi ya asilimia 40 ya mzigo wa nchi nzima.

Mainjinia wa gridi wana kanuni yao ya kawaida: usiache mashine moja ipite kama asilimia 10 ya mfumo wako. Sababu ni rahisi. Mashine huzimika. Ikizimika ghafla na ilikuwa imebeba karibu nusu ya mzigo, zile nyingine haziwezi kuuinua, nazo zinaanguka moja baada ya nyingine. Unakumbuka Agosti 2023? Karibu nchi nzima ililala gizani, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukawa aibu ya dunia. Hapo hatukuwa na mashine yoyote ya megawati 1,000. Sasa fikiria tukiwa nayo.

Halafu kuna swali la saa. Tatizo la stima Kenya si usiku wa manane. Saa nane usiku viwanda vingi vimelala, na kule Olkaria mvuke wa jotoardhi huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Tatizo ni jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne, ambapo mahitaji yanapanda ghafla. Mtambo wa nyuklia unataka kufanya kazi mfululizo, mchana na usiku, maana ndivyo unavyolipa gharama yake. Ukiuleta leo, utaongeza umeme saa ambayo tayari tunaumwaga. Ni kama mtu mwenye kiu ya mchana unayemletea mtungi wa maji akiwa amelala.

Na pesa je? Gharama iliyokuwa ikitajwa ni kama Sh500 bilioni. Tuilinganishe na waliojenga kweli. Bangladesh walisaini na Warusi mtambo wa Rooppur, vinu viwili vya megawati 1,200 kila kimoja, kwa dola bilioni 12.65, na asilimia 90 ya hizo ni mkopo kutoka Urusi. Ukigawa kwa hesabu ya shule ya msingi, megawati 1,000 ni kama dola bilioni 5.3. Kwa Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh680 bilioni, na hapo ni bei iliyoandikwa kwenye karatasi kabla ya kuchelewa. Marekani, mabingwa wa teknolojia hii, walijenga vinu viwili vipya Vogtle, jimbo la Georgia. Vilichelewa miaka saba na gharama ikapita dola bilioni 30, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya mwanzo. Hao ni watu wenye uzoefu wa miaka zaidi ya 60.

Utaniambia: mbona Imarati wameweza? Umesema vizuri. Barakah, kule Abu Dhabi, ina vinu vinne vyenye jumla ya megawati 5,600, cha kwanza kilianza 2020 na cha nne 2024, na vinatoa kama robo ya umeme wa nchi. Lakini Imarati walikuwa na vitu viwili ambavyo sisi hatuna: hazina iliyojaa mafuta, na gridi kubwa inayomeza kinu cha megawati 1,400 bila kubanwa pumzi. Hata wao walichelewa miaka mitatu. Misri nao wanajenga El Dabaa tangu 2022, kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25. Mjukuu wa Mmisri wa leo atakuwa bado anaulipa.

Wewe wa Emali na Kibwezi huhitaji kuhadithiwa mkopo mkubwa unavyofanana. Unauona ukipita. SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi iligharimu Sh327 bilioni, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na ilianza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017. Reli inapita kwenu, vituo viko Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Jiulize tu: biashara za kando ya barabara, hoteli za madereva wa malori, gereji, vibanda vya matunda, zilifaidika kiasi gani? Na Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ule mzigo wa kodi ulitoka wapi? Sehemu yake kubwa ni madeni. Sasa kuna anayetaka kukuongezea deni linalozidi la SGR, kisha akuambie ni kwa ajili ya mazingira.

INAKUJA KUSAFISHA NINI?

Hapa ndipo mimi huwaacha watu wa Nairobi midomo wazi. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya tayari ni safi. Jotoardhi ya Olkaria, inayotumika tangu 1981. Upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310. Sola ya Garissa, megawati 50, hapo tu mbele ukitoka Mwingi. Mabwawa ya Mto Tana, likiwemo Kiambere mpakani mwa Kitui na Embu. Nchi zenye makaa ya mawe mengi, kama Poland au Afrika Kusini, zinaweza kusema nyuklia itaondoa moshi. Sisi itaondoa moshi gani?

Moshi wa Kitui upo, lakini hauko kwenye gridi. Uko jikoni kwa mama yako. Ni kuni na makaa. Januari 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa kutoka kaunti hiyo, lori likachomwa, wafanyabiashara wa Limuru wakafunga barabara kwa hasira, na suala likafika mahakamani. Watu wakaanza kutukanana kikabila. Yote kwa sababu ya gunia la makaa! Kwa nini? Kwa sababu mvua ikikataa, mti ndio benki ya mwisho ya mkulima. Anaukata, anauchoma, analipa ada ya shule. Hiyo ndiyo vita yenu ya nishati safi. Mtambo wa nyuklia unaoahidiwa katikati ya miaka ya 2030 hautaifikia jiko hiyo, wala hautampa mkulima wa Mutomo kitu kingine cha kuuza.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nusu hivi ya nyumba za Kenya zilitumia stima ya gridi kwa mwanga. Kitui na Makueni zilikuwa chini ya hapo. Na huku nguzo kubwa za laini ya Mombasa kwenda Nairobi zinapita juu ya Makueni. Umeme unasikika ukivuma juu ya kichwa cha mtoto anayesoma kwa taa ya sola ya shilingi mia chache. Hebu niambie, mtambo ukijengwa pwani, umeme wake utapita wapi kwenda Nairobi? Utapita hapo hapo. Juu ya kichwa hicho hicho.

MUI: KITABU KILICHOANDIKWA KWA MAISHA YA WATU

Sasa tufungue kitabu cha kwenu. Bonde la Mui, Kitui mashariki, lina makaa ya mawe. Serikali ililigawa vitalu vinne, na mwaka 2011 kampuni ya Fenxi kutoka China ikapewa vitalu vya C na D. Mawaziri wakaja na magari ya fahari. Kitui itakuwa Dubai, watu wakaambiwa. Shule, hospitali, ajira, fidia. Ikawekwa sahihi mikataba ya kugawana faida.

Halafu nini? Halafu watu wakaishi kwa kusubiri. Ukitaka kujenga nyumba ya mawe, unajiuliza: nikijenga na wakija kuniondoa je? Ukitaka kupanda miembe itakayozaa baada ya miaka mitano, unajiuliza: nitakuwepo? Kijana anataka kuoa, baba hajui kama boma litakuwa la nani. Miaka ikapita, mmoja, mitano, kumi, na uchimbaji wa biashara haukuanza. Hawakupata makaa, hawakupata fidia, na hawakupata utulivu. Mradi unaweza kukudhulumu hata kabla ya kuanza, na hiyo ndiyo dhuluma ambayo hakuna ripoti inayoihesabu.

Na makaa hayo yalikuwa yaende wapi? Lamu. Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa megawati 1,050 kando ya mji ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, uanze kwa makaa ya kutoka Afrika Kusini, kisha ulishwe makaa ya Mui. Yaani shimo libaki Kitui, moshi uende Lamu, stima iende Nairobi. Mkamba mkulima na Mbajuni mvuvi, watu wasiojuana hata kwa salamu, walikuwa wamefungwa kamba moja na mtu ambaye hakuwauliza wote wawili.

Lamu walikataa. Walijipanga, wakasoma, wakaenda Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo huo ikafutwa. Sababu kuu haikuwa kwamba makaa ni mabaya. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Weka alama hapo.

KITUI ILIANDIKA SHERIA, MAKUENI IKAONYESHA KAZI

Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba watu wa Mui walienda kortini kabla ya hapo, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi. Kesi hawakushinda. Lakini ndani ya uamuzi huo majaji waliweka misingi ya kupima kama wananchi wameshirikishwa kweli: kwamba serikali iwe na mpango halisi wa kuwafikia watu, kwamba watu wapewe habari zinazohusika, kwamba wale watakaoguswa zaidi wasikike zaidi, kwamba maoni yachukuliwe kwa nia njema na yasiwe ya kutimiza karatasi tu. Tangu hapo misingi hiyo imekuwa ikinukuliwa kwenye mahakama za Kenya, kesi baada ya kesi. Wakulima wa Kitui walipoteza kesi na wakaiachia nchi kipimo. Kijana wa Mwingi, unajua kwamba kipimo hicho kina jina la kwenu?

Na Makueni je? Chini ya Profesa Kivutha Kibwana, gavana kuanzia 2013 hadi 2022, kaunti ilijenga utaratibu wa mikutano kuanzia kijijini, ikapanda hadi wadi na hadi kaunti. Wananchi walichagua miradi, wakachagua kamati za kuisimamia, na mkandarasi hakulipwa kabla kamati ya wananchi haijakubali kazi. Wageni wakaanza kuja kujifunza. Haukuwa utaratibu wa malaika, kasoro zilikuwepo, lakini bibi asiyejua kusoma aliweza kusimama na kuuliza kisima kimegharimu pesa ngapi.

Sasa linganisha na Uyombo, kaunti ya Kilifi. Kijiji cha wavuvi, karibu na hori la Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Ndiko walikotaka kuweka mtambo. Mei 2024 wakazi waliandamana na polisi wakaletwa kukabiliana nao, watu wakalalamika kupigwa. Kisima cha Makueni kinapata mikutano ya ngazi kwa ngazi. Mtambo wa nyuklia unapata marungu. Hii ni akili gani?

Halafu mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kwa wengine hiyo ni habari njema: imetuondokea. La, ndugu yangu. Mradi uliokataliwa na Mgiriama ukapelekwa kwa Mjaluo haujawa halali kwa kuhama. Deni ni la Mkenya yule yule. Taka zake ni za nchi ile ile. Na kama tunafurahi kwa sababu shida imehamia kwa jirani, basi tumewaruhusu waendelee kutugawa kijiji kwa kijiji mpaka wapate kilicho dhaifu zaidi.

Tena tukiongea taka, kumbuka Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakaugua, na NEMA, mlinzi wa mazingira, ikapatikana mahakamani kuwa na lawama pia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, na ilichukua mpaka Desemba 2024 kwa Mahakama ya Juu kuirudisha amri hiyo. Hiyo ni risasi ya betri ya gari. Mafuta ya nyuklia yaliyotumika yanahitaji kulindwa kwa maelfu ya miaka. Serikali iliyoshindwa kulinda mtaa mmoja dhidi ya kiwanda kimoja inaomba amana ya vizazi mia. Amana hupewa aliyeonyesha uaminifu kwenye kidogo.

"SASA NYINYI MNATAKA NINI?"

Hili swali wanapenda kutuuliza wakidhani tutanyamaza. Wanasema jua hulala usiku, upepo hutulia, kwa hiyo bila nyuklia hakuna viwanda. Kwa Ujerumani au Japani mjadala huo una uzito. Kwetu kuna jotoardhi, na jotoardhi hailali. Wataalamu wanakadiria Bonde la Ufa lina megawati zipatazo 10,000, na tumetumia chini ya 1,000. Mtu mwenye shamba la ekari kumi aliyelima moja tu anaenda kukopa akodi shamba la jirani. Ndicho tunachoambiwa tukipigie makofi.

Watasema kuna vinu vidogo vya kisasa, vya bei rahisi. Tumewasikia. Mradi wa NuScale kule Marekani, uliokuwa mfano wao mkubwa, ulifutwa Novemba 2023 baada ya gharama kupanda. Vikishajengwa kwingine, vikafanya kazi miaka kumi kwa bei inayoonekana, waje tuongee. Hatuna haraka ya kuwa panya wa maabara.

Na wewe wa Kitui na Makueni una nguvu ambayo huitumii. Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na usimamizi wa nishati. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Makueni inao, wa 2023 hadi 2032. Umeusoma? Unajua kijiji chenu kimepangiwa nini, mwaka gani? Mwembe wa Makueni unaoza njiani kwa kukosa baridi ya kuuhifadhi, na jua linawaka mwaka mzima juu yake. Pampu ya sola kwenye kisima, jokofu la sola kwenye zahanati, meko ya kuokoa kuni, gridi ndogo ya soko: hivyo havihitaji kusubiri 2035 wala ruhusa ya Moscow, Beijing au Seoul.

Kwa hiyo fanya haya.

Andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Omba ripoti, mikataba na makadirio kutoka kwa wakala wa nyuklia na wizara. Wakikaa kimya, kimya chao nacho ni ushahidi.

Nenda kwenye kikao cha bajeti cha wadi yenu. Usiende kuchukua soda na nauli ukarudi. Uliza mstari wa nishati una shilingi ngapi.

Uliza maswali matano, popote mradi unapotajwa, iwe Uyombo, Siaya au Mui ikirudi tena: Nani analipa, na kwa miaka mingapi? Taka zitakaa wapi? Mambo yakiharibika, nani atanifidia na sheria gani inamlazimisha? Kijiji ambacho laini inapita juu yake kitapata stima lini? Na hizo karatasi zimeandikwa kwa lugha ambayo mama yangu anaelewa?

Na mwisho, wapigie simu watu wa Uyombo, Lamu na Siaya. Msikitini baada ya Ijumaa, kanisani baada ya Jumapili, sokoni siku ya soko. Mtu wa Mui ana la kumwambia mvuvi wa Ziwa Victoria, na ni hili: wakikuahidi Dubai, omba kwanza waandike tarehe.

Watakuita adui wa maendeleo. Waambie maendeleo yanayoogopa maswali ya mkulima yana kitu yanachoficha. Shura, kuulizana kabla ya kuamua, haikuletwa na wafadhili wala haikuanza na Katiba ya 2010. Ni adabu ya watu wanaoheshimiana. Anayetaka kuweka mzigo begani kwako na kwa watoto wako bila kukuuliza hajakuheshimu, awe amebeba makaa meusi au neno jeupe la nishati safi.

Soma, uliza, kisha umpelekee mwenzako aliye Kitui, Makueni au Siaya.

Wabillahi tawfiq.